Vespa ya Mwenye Kanzu

Gurudumu la mbele lilitoka upepo tukiwa njia ya Chwaka, Unguja, asubuhi ya Ijumaa, na baba alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya shughuli. Alikuwa anakwenda kumuozesha binti wa marehemu kaka yake. Yeye ndiye aliyekuwa walii. Asipofika, ndoa haifungwi.

Hakusema neno. Aliisogeza vespa pembeni mwa njia, akaitia stendi, akaipandisha kanzu hadi kiunoni na kuikaza juu ya kikoi alichovaa ndani. "Kaa nyuma kabisa, mwanangu, wala usitikisike." Nikakaa mwisho wa siti, uzito wangu wa miaka tisa ukalalia nyuma, na gurudumu la mbele likainuka juu ya vumbi. Mimi ndiye niliyekuwa jeki. Baba akafungua kifuniko cha ubavu wa kushoto, akatoa gurudumu la akiba na spana moja namba 13. Nati ni tano. Kila aliyoifungua aliiweka juu ya jani la mgomba ili isipotee mchangani. Hapakuwa na ekseli ya kuchomoa, kwa sababu gurudumu la vespa limeshikwa upande mmoja tu, kama la gari. Alilitoa bovu, akatia zima, akakaza zile nati tano, akanawa kwa mchanga na maji ya chupa. Halafu akaishusha kanzu na kuniuliza kama ina doa. Haikuwa nalo. Ndoa ilifungwa kwa wakati wake.

Tangu nilipokuwa mtu mzima nimesoma kila nilichokipata juu ya chombo kile, na kila ninaposoma narudi kwenye kanzu ya baba. Hakuwa mtu wa pikipiki. Hakupenda mbio, hakujua majina ya wakimbiaji, na vijana waliokuwa wakinguruma barabarani aliwaona watovu wa adabu. Lakini vespa aliipenda kwa miaka yake yote iliyobakia. Nimekuja kufahamu kwamba hilo halikuwa ajabu hata kidogo. Aliyeibuni vespa naye alikuwa mtu asiyependa pikipiki.

Habari yenyewe inaanzia kwenye meli. Mwaka 1884 Rinaldo Piaggio alifungua karakana Sestri Ponente, karibu na Genoa nchini Italia, ikitengeneza mapambo na samani za ndani ya meli. Kutoka kwenye meli kampuni ikaingia kwenye mabehewa ya reli, na kutoka mabehewa ikaingia kwenye ndege. Kiwanda chao cha Pontedera, katika jimbo la Toscana, ndicho kilichounda P.108, ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne. Mwaka 1943 mabomu ya upande wa pili yakakiangukia kiwanda hicho. Vita vilipokwisha Italia ilikuwa imeshindwa, soko la ndege za kivita limekufa, barabara zimejaa mashimo, na mji mzima wa Pontedera unamtazama Enrico Piaggio, mtoto wa Rinaldo, aseme watu watafanya kazi gani.

Enrico aliona kwamba Waitalia walihitaji kitu cha kuwapeleka kazini, cha bei nafuu, ambacho hata asiyejua mashine angeweza kukiendesha. Wahandisi wake waliohamishiwa Biella wakati wa vita walikwisha kujaribu. Waliunda kipikipiki chenye magurudumu madogo kikapewa jina la Paperino, ambalo ndilo jina la Kiitalia la Donald Duck wa katuni. Enrico hakukipenda. Katikati kilikuwa na kigongo, na mpandaji alilazimika kuupitisha mguu juu yake kama anayepanda punda. Ndipo alipomwita Corradino D'Ascanio.

Huyu D'Ascanio, mzaliwa wa Popoli mwaka 1891, alikuwa mtu wa angani. Oktoba 1930 helikopta aliyoisanifu iliruka umbali wa mita 1,078, na katika safari nyingine ikabaki hewani dakika 8 na sekunde 45. Zilikuwa rekodi za dunia kwa wakati ule. Ndege ndizo zilizomjaa kichwani. Pikipiki alizichukia na hakuficha. Zilimchafua mtu nguo kwa oili ya mnyororo, zilimkalisha vibaya, na tairi likipasuka kulitoa ilikuwa adhabu. Akapewa kazi ya kubuni pikipiki.

Napenda kuifikiria meza yake ya kuchorea siku zile, kwa sababu karibu kila mstari aliouchora ulikuwa ni malalamiko yaliyogeuzwa kuwa dawa. Mtu asipande kama anayepanda farasi, akae kama aliyeketi kitini, miguu pamoja juu ya sakafu iliyonyooka. Injini isiwe katikati ya mapaja, iende nyuma pembeni mwa gurudumu na ifunikwe. Ikikaa hapo haihitaji mnyororo, na pasipo mnyororo hapana oili ya kurukia nguo. Gia ihamie kwenye mkono wa kushoto, mguu usichakaze kiatu. Mbele kuwe na ngao ya bati ya kuzuia tope. Gurudumu la mbele lishikwe kwa mkono mmoja wa chuma, kama mguu wa ndege, ili litoke na kurudi haraka. Na la kumalizia, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: aliitupa fremu. Pikipiki za wakati ule zilikuwa mifupa ya mabomba iliyofungiwa vitu. D'Ascanio alitumia maarifa ya ndege, akaunda bodi ya bati lililokandamizwa na kuunganishwa, na bodi hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Hilo naomba msomaji alikumbuke; nitalirudia.

Inasimuliwa kwamba Enrico alipokiona chombo chenyewe, kiuno chembamba na nyuma pana, na kuusikia mlio wake, alisema kinafanana na nyigu. Kiitalia nyigu ni vespa. Jina likabaki. Hataza iliandikishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa ya cc 98, mwendo wake kama kilomita 60 kwa saa. Mwaka ule wa kwanza ziliundwa 2,484, na mwaka uliofuata zaidi ya 10,000. Ilipofika 1956 walikuwa wameshatimiza milioni moja. Watu husema ni filamu ya *Roman Holiday* ya 1953, Audrey Hepburn na Gregory Peck wakizunguka Roma juu ya vespa, ndiyo iliyoipa umaarufu. Umaarufu iliupa, sikatai. Lakini mwanamke aliyevaa sketi na padri aliyevaa joho hawakuhitaji filamu kuwaambia kwamba hatimaye kuna chombo wanachoweza kukipanda wakashuka na heshima zao. Na mavazi ya padri wa Italia hayako mbali sana na kanzu ya Unguja.

Nyigu alipata ndugu. Mwaka 1948 Piaggio walitoa chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, wakakiita Ape, yaani nyuki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilipata ruhusa ya kuunda wote wawili, nyigu na nyuki. Mkataba ulipokwisha, Bajaj wakaendelea na skuta yao wenyewe kutoka mwaka 1972 na kuiita Chetak, jina la farasi wa Maharana Pratap. Wahindi waliisubiri kwa miaka mingi baada ya kuweka oda. Sisi huku tulikuja kulijua jina la kampuni hiyo kwa njia ya nyuki: bajaji unayoipanda Dar es Salaam au Mombasa ni kizazi cha chombo kile cha 1948. Wengi wa wanaoipanda kila siku hawajui kwamba wamekaa ndani ya ukoo wa vespa.

Sasa turudi nyumbani. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na punda. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu wakikutana, mmoja husimama kwenye baraza mwenzake apite. Gari haliingii. Baiskeli huingia, lakini haibebi mke, mtoto na gunia la unga. Vespa ilivifaa vichochoro vile kama ufunguo kwa kufuli lake. Ni fupi, inapinda papo kwa papo, na dereva ana sakafu ya kuwekea kapu la sokoni katikati ya miguu yake. Kila kona ilikuwa na honi yake fupi, na waliokaa barazani na vikombe vya kahawa walivuta miguu bila hata kukatiza mazungumzo. Mama yangu alizijua vespa za mtaa kwa mlio. Alikuwa jikoni, hajachungulia, husema: "Mwalimu karudi," na mwalimu kweli amerudi.

Ya baba ilikuwa P125X, ya buluu, aliyoinunua kwa mtu. Toleo hilo Piaggio walilitoa mwaka 1977, na ndilo lililozaa jina la PX ambalo mafundi wetu wanalitamka kwa heshima mpaka leo. Tulipanda watatu. Mimi nilisimama mbele, mikono imeshika kati ya usukani, pua yangu ikiwa usawa wa mita ya mwendo. Baba alikaa katikati. Mama alikaa nyuma kwa ubavu, buibui amelikusanya mapajani kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kiuno cha baba. Sijawahi kumwona mama ameshika kiuno cha baba mahali pengine popote mbele za watu, na nadhani yeye naye aliipenda vespa kwa sababu zake.

Ile ni injini ya mipigo miwili. Haina oili yake ya pembeni, lazima oili ichanganywe na petroli, sehemu mbili kwa mia. Baba hakuwa na kipimo cha dukani. Alikuwa na chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, na hesabu yake ilikuwa rahisi: chupa moja kwa lita tano. Chupa ile ilikaa kwenye kijisanduku cha mbele, imefungwa kwa kitambaa, na kitambaa, kijisanduku na mikono ya baba vyote vilikuwa na harufu moja. Hata leo nikinusa moshi wa buluu wa injini ya namna ile, naona mikono kabla sijaona pikipiki.

Miaka ile vitu vilikuwa haba. Kabla biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, mtu aliyepata plagi mpya aliionyesha kwa wenzake. Plagi ya zamani haikutupwa. Fundi wetu wa Mwembetanga, mzee mwembamba aliyefanya kazi amekaa juu ya kigoda, aliisugua kwa msasa mpaka ncha yake ikang'aa, akaipuliza, akaichomeka kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. "Piga kiki," aliniambia. Nikapiga. Aliweka kiganja kuikinga na jua ili aione cheche. "Ikiwa buluu, mzima. Ikiwa nyekundu, mgonjwa." Alizungumza juu ya vespa kama juu ya mtu, "mzima" na "mgonjwa", na nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba nami nazungumza hivyo hivyo. Baadaye zilipoanza kuingia spea za LML, kampuni ya Kanpur, India, iliyokuwa ikiunda vespa za umbo hilo hilo, alizipokea kwa shaka kwanza, akazipima kwa kidole, halafu akakubali: zinaingia.

Nilijifunza kuiendesha viwanja vya Maisara nikiwa na miaka kumi na minne, jioni, baba akikimbia pembeni yangu. Gia zote ziko kwenye mkono wa kushoto. Unabana klachi, unazungusha mkono juu kupata namba moja, unarudi katikati kwenye nyutro, kisha mbili, tatu na nne kwenda chini. Siku ya kwanza niliachia klachi kwa pupa, ikaruka kama mbuzi na kuzima. Siku ya tatu nilizunguka uwanja mzima peke yangu. Kuna kitu ambacho waliowahi kumiliki vespa ya gia wote wanakitaja, na nimewasikia wakikitaja Unguja na Tanga kwa maneno karibu yale yale: injini imekaa upande wa kulia, kwa hiyo chombo chenyewe kina elemeo lake dogo, na baada ya wiki chache mwili wako unajua kulisawazisha bila kuambiwa. Mtu aliyeacha kuipanda miaka ishirini, akirudi juu yake, bega linakumbuka kabla ya akili.

Waliokwenda nayo mbali wapo. Giorgio Bettinelli, mwandishi wa Kiitalia, aliipenda vespa akiwa Indonesia, na mwaka 1992 akaondoka Roma kuelekea Saigon juu ya PX. Hakusimama tena. Aliteremka kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika, kisha akatoka Melbourne hadi Cape Town, na alifariki mwaka 2008 akiwa anaishi China. Namheshimu sana. Lakini nikiambiwa nitaje safari kubwa ya vespa ninayoijua mimi, nitataja ya muuguzi mmoja wa mtaani kwetu aliyekwenda nayo kazini zamu ya usiku na kurudi alfajiri kwa zaidi ya miaka kumi, mvua za masika na za vuli, sare yake nyeupe ikiwa nyeupe. Ukiikusanya njia yake ya kila siku inatosha kufika mbali.

Vespa ilishindwa na mambo mawili, na yote mawili ni ya haki. Kwanza ni moshi. Injini inayochoma oili yake pamoja na petroli inaacha hewa chafu, na sheria za Ulaya zilikaza mpaka PX ikasimamishwa kwa muda. Ilirudi mwaka 2011, kisha ikaondoka tena. Pili ni bei. Pikipiki kutoka China, na Boxer za Bajaj hao hao, ziliingia kwa wingi zikiwa mpya, na injini ya mipigo minne isiyotaka kuchanganyiwa oili. Kijana anayetafuta riziki kwa bodaboda hawezi kukaa na msasa akisugua plagi. Simlaumu. Ila pikipiki yake hainipakii nikiwa na kanzu bila mimi kuishikilia kanzu yangu safari nzima, na kila Ijumaa ninapoona mzee ameketi nyuma amekusanya nguo kwa ngumi nasema moyoni kwamba hatukusonga mbele katika kila jambo.

Pontedera kuna makumbusho ya Piaggio, yaliyofunguliwa mwaka 2000 ndani ya karakana ya zamani ya kiwanda. Huko zile za mwanzo zimewekwa safi, zinatazamwa. Zetu ziko uani. Ukipita Ng'ambo au Mji Mkongwe utaziona zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa turubai au gunia, matairi yamekaa chini, kuku amelala juu ya siti. Ya baba ilikaa hivyo miaka sita baada ya goti lake kukataa kiki. Nilipoifunua nilikuta injini haina tatizo kubwa; ringi za pistoni, kebo, plagi. Kilichonitisha kilikuwa chini. Niliinua mpira wa sakafuni nikakuta bati limekuwa jekundu, na nilipoligonga kwa bisibisi likaingia kama biskuti.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya D'Ascanio mpaka mwisho wake. Pikipiki nyingine ikila kutu hapa na pale, fremu imesimama. Vespa haina fremu. Bati lile ndilo mgongo wake, na hewa yetu ya bahari ina chumvi usiku na mchana. Fundi wa kuchomea alikata kipande kilichooza, akachomelea kipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu chini na juu, na injini ikawaka kwa kiki ya tano. Baba aliletewa kiti uani, akaisikiliza, akasema gia ya pili inahitaji kukazwa kebo. Ilikuwa kweli.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwenye vespa ya zamani iliyoegemezwa ukutani. Chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na wanunuzi wanapita mitaani kila wiki. Kabla hujawaita, inua mpira wa sakafu uligonge bati kwa bisibisi. Likigonga kavu, una chombo kizima kinachosubiri plagi. Likiwa limeoza, kachomelee mwezi huu, maana ukiisubiri masika nyingine sakafu itakwenda, na sakafu ikienda hapana tena kitu cha kufungia magurudumu.